Mkia wa Baiskeli Huanzia Mdomoni mwa Rampu

Kijana mmoja wa Maweni alinijia mwezi wa tatu, baiskeli begani, viganja vimejaa malengelenge. Alikuwa amejaribu teliwipu kwa miezi minne. Ana miguu ya nguvu, anaruka juu kuliko vijana wengi hapa Malindi, na video za mchezo huu zilizomo kwenye simu yake amezitazama mpaka amezihifadhi kichwani. Akaniambia, "Fundi, yaenda, lakini hairudi."

Maneno hayo mawili nimeyasikia kwa karibu kila mwanafunzi wangu, na ndiyo yaliyonifanya niketi kuandika haya.

Kwa asiyeujua mchezo: teliwipu hupigwa kwa BMX, ile baiskeli ndogo ya tairi za inchi 20. Ukiwa hewani unaitoa miguu yote miwili kwenye pedali, mikono inabaki usukanini, kisha fremu nzima inazunguka digrii 360 kwenye shingo yake, pale usukani unapoingia, huku wewe na usukani mkitazama mbele vilevile. Mkia unapita mbele yako, unarudi kwa upande wa pili, na unatakiwa uzikanyage pedali kabla tairi hazijagusa chini. Pale uwanjani kwetu tunaiita "mkia" tu.

Nilimwambia kijana aruke mara kumi. Wenzake wote walitazama juu, kama watu wanavyotazama siku zote. Mimi nilisimama ubavuni nikatazama ile shibiri ya mwisho ya plaiwudi, mdomoni mwa rampu, yaani ukingo wa juu wa ule mteremko wa kurukia. Mara zote kumi alitoka pale amenyooka kama mlingoti, akapanda mpaka juu kabisa, ndipo akaipiga fremu teke. Teke zuri, lenye nguvu. Mkia ukaenda nusu ya safari, ukachoka.

Kila mtoto wa pwani amewahi kuruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda gatini. Mtumbwi ukiwa umefungwa, unafika. Ukiwa haukufungwa, unaruka nao unakukimbia kwa nyuma, nawe unaishia majini. Hewani ni sawasawa na mtumbwi usiofungwa. Ukiipiga fremu teke upande huu, mwili wako unageuka upande ule, maana huna pa kuegemea. BMX nzima ina kilo 11 hivi, wewe una 60, kwa hiyo unageuka kidogo tu. Lakini kidogo hicho kinatosha kukuondoa juu ya usukani, na sehemu ya nguvu ya teke imepotea bure. Mdomo wa rampu ndio gati lako. Maadamu tairi ya nyuma bado imekanyaga plaiwudi, una kitu cha kusukumia. Kiuno kikianza kugeuka wakati huo, mzunguko unauchukua kwenye rampu, na rampu haiendi popote.

Basi mpangilio ni huu. Tairi ya mbele inatoka, mikono inavuta usukani kama unayeruka kawaida, na kabla tairi ya nyuma haijaachana na mdomo, kiuno kinausukuma mkia upande. Mguu unafuata. Teke ni la mwisho, tena ni dogo, la kuusindikiza tu mkia uliokwisha kuondoka. Anayefundishwa teke kwanza hupoteza miezi, na nasema hivyo kwa sababu mwenyewe nilifundishwa hivyo.

Halafu mikono. Mtazame mama anayechunga unga: chekeche linazunguka duara dogo, viwiko havisimami, wala hashiki kwa kukaza. Mikono usukanini hufanya jambo hilo hilo. Inachora duara dogo linaloivuta fremu izunguke, kisha inanyooka kuusukuma usukani mbele na chini. Kunyoosha huku wengi hukuruka, na hakuna kitu kinachowagharimu zaidi. Shingo ya BMX haikusimama wima. Ina digrii 75 hivi kutoka ardhini, na rampu ikikuinua pua juu inazidi kulala nyuma. Fremu huzunguka kwa kufuata mlalo huo, kama feni ya dari iliyofungwa kombo, panga zake zinapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Usipousukuma usukani mbele, mkia utapanda juu ukiwa mbele yako na kurudi nyuma ukiwa chini kabisa. Pedali zinapita, miguu inazitafuta hewani, haizipati. Ukinyoosha mikono, feni inakaa sawa, na fremu inarudi pale pale miguu ilipo.

Kijana aliniuliza kama apige kwa nguvu zaidi ili mkia uwahi. Nikamchorea hesabu mchangani. Ukipanda nusu mita juu ya mdomo wa rampu na kutua kwenye usawa uleule, uko hewani kwa sekunde 0.64. Ukipanda mita 1, sekunde 0.9. Mita moja na nusu, sekunde 1.1. Ona kwamba kuongeza urefu maradufu hakuongezi muda maradufu, kwa hiyo kukimbilia rampu kubwa si dawa. Katika hiyo sekunde 0.9, mimi huhesabu sehemu ya kumi ya sekunde kwa kuondoka na mbili za kuweka miguu. Mkia unabakiwa na sekunde 0.6. Hiyo ni kasi ya mizunguko 100 kwa dakika, si kasi ya kutisha. Kijana yule alikuwa na muda wa kutosha tangu siku ya kwanza. Alikuwa anautumia wote kusubiri afike juu.

Sasa baiskeli yenyewe, maana hapa kwetu kuna adui ambaye video za Marekani hazimtaji. Chumvi. Ukiiacha BMX kibarazani karibu na bahari, goroli za shingoni zinashika kutu kabla hujaona doa lolote kwa nje. Inua baiskeli kwa usukani, uzungushe fremu kwa mkono. Ipite duara lote kimya, isikwaruze wala isisimame njiani. Ikisita mahali, fungua shingo, osha kwa mafuta ya taa, weka grisi mpya. Ikilegea, yaani ikigonga ukiitikisa mbele na nyuma, kaza taratibu mpaka kugonga kuishe lakini mzunguko ubaki.

Kipimo cha pili ni cha friwili, kile kifaa cha gurudumu la nyuma kinachoiacha tairi izunguke huku pedali zimetulia, na watu hawakijui kabisa. Ning'iniza tairi ya nyuma, izungushe kwa kasi kuelekea mbele, kisha utazame pedali bila kuzigusa. Zikitulia, vizuri. Zikianza kufuata tairi, kuna mchanga au grisi iliyoganda ndani. Katika teliwipu miguu ikiondoka, tairi bado inazunguka, na friwili iliyoshika itazivuta pedali. Uliziacha moja mbele na moja nyuma, usawa mmoja. Fremu inarudi, unakuta moja iko juu na moja iko chini. Nimewahi kumlaumu binti mmoja wiki mbili nzima kwamba hatazami pedali, kumbe anazitazama vizuri, zilikuwa zinahama. Nilipofungua friwili yake ulimwagika mchanga wa Silversands wa kujaa kifuniko cha soda. Niliosha, nikafunga, na jioni ile ile alizikanyaga zote mbili. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Breki ya nyuma nayo ina waya unaopita shingoni, na fremu ikizunguka waya unajisokota. Wengine huweka jairo, kisahani kinachozunguka shingoni na kuugawa waya mara mbili. Wengine huing'oa breki kabisa. Mwanafunzi wangu haing'oi mpaka ajue kusimama, na barabara ya Lamu yenye matuktuk na bodaboda haina huruma na mtu asiye na breki.

Boliti za usukani zikaguliwe kila siku, si kila wiki. Bana tairi ya mbele kwa magoti, jaribu kuupindua usukani kwa nguvu zako zote. Mwaka 2014 sikufanya hivyo. Nilizungusha vizuri, nikakanyaga vizuri, nikatua usukani ukitazama kaskazini na tairi ikitazama bahari. Kifundo cha mkono kilivunjika na nikakaa na plasta wiki sita.

Mahali pa kujifunzia tulipajenga Muyeye, nyuma ya mivinje. Rampu ina urefu wa mita 1, mbao za mvinje chini na plaiwudi mbili juu. Mbele yake kuna shimo lenye magunia ya makumbi ya nazi, na juu ya magunia magodoro ya sponji yaliyochoka. Makumbi peke yake yanachoma, magodoro peke yake yanapasuka; vikiwekwa pamoja vinapokea mtu vizuri. Kabla ya kuruka humo, mwanafunzi hufanya zoezi la chini: anakwenda polepole, anabana mguu kati ya tairi ya mbele na uma ili tairi isimame, mkia unainuka, anauzungusha na kuuruka. Hapo anajifunza upande wake. Kila mtu ana upande, kama kila mtu alivyo na mkono wa kulia chakula, na usimlazimishe.

Shimoni, siku za mwanzo, hatutafuti pedali. Anazungusha tu na kuanguka. Mkia ukishakuwa unafika nyuma mara nane kwa kumi, ndipo ninamwambia aweke miguu popote kwenye fremu. Pedali ni baadaye. Na kuna amri moja ambayo sina mzaha nayo: ukiona haifiki, achia usukani na uisukume baiskeli mbali. Katika mchezo huu, kuangukia magodoro hakuumizi watu wengi. Kinachoumiza ni kuiangukia baiskeli. Helmeti na vilinda miguu havivuliwi hata kwenye magodoro.

Wanaoogopa kuanguka huwasimulia fainali ya Tokyo, mwaka 2021, BMX ya mitindo ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza. Kila mchezaji alikuwa na mizunguko miwili ya sekunde 60. Charlotte Worthington wa Uingereza alianguka mzunguko wa kwanza akijaribu kupinduka nyuma huku akigeuka digrii 360. Mzunguko wa pili akalirudia lile lile lililomwangusha, akatua, akapata alama 97.50 na dhahabu. Upande wa wanaume alishinda Logan Martin wa Australia. Mtazameni Martin, lakini msitazame mkia. Tazameni anavyotoka mdomoni.

Jambo la upepo nitalisema kwa kifupi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane kusi linavuma kwelikweli, na mchana linakuhamisha hewani bila kukuomba ruhusa. Miezi hiyo tunafanya mazoezi baada ya sala ya alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, basi. Anayeng'ang'ania saa tisa mchana ajue anajifunza kupambana na kusi, si teliwipu.

Kijana wa Maweni nilimpa wiki mbili za kiuno peke yake. Alichukia. Alikuwa anatoka mdomoni, anausukuma mkia upande kwa kiuno, hapigi teke hata kidogo, anaanguka godoroni. Siku ya tisa mkia ulirudi wenyewe, bila teke, ukamgonga paja. Akakaa pale shimoni, makumbi kichwani, akiushika mkia kama mtu aliyeokota kitu cha mwenyewe.

Kutoka hapo ilibaki kukanyaga. Kwa hilo sitazami tena, nasikiliza. Huipa rampu mgongo nikainama kwenye spoki zangu. Miguu ikiwahi, unasikia viatu kwanza, tap-tap, kisha tairi. Ikichelewa, tairi zinalia kwanza na viatu vinafuata, na mtu huyo ametua kwa bahati. Ikisikika tap moja, nageuka mbio.

Jumamosi iliyopita tulitoa magodoro, tukaweka mbao za kutulia. Niliinama, nikasikia tairi zinapanda plaiwudi, kisha kimya. Tap-tap. Tairi.

"Fundi, umeiona?"

Nikamwambia nimeisikia.

"Basi geuka, nirudie."

Nikageuka.