Waridi la Kiingereza ni lipi, na huzalishwaje?

Waridi la Kiingereza si waridi la porini lililoota lenyewe vichakani huko Uingereza. Ni kundi la miwaridi chotara lililoanzishwa na David Austin, mtoto wa mkulima wa Shropshire, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2018.

Kazi yake inaeleweka vizuri ukijua kwanza kilichokuwa kinakosekana. Mawaridi ya kale, kama lile la Dameski, yana harufu nzito na petali nyingi zilizosongamana, ila mengi huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka. Wakulima wa Jebel Akhdar, Oman, ambako waridi la Dameski hukenekwa maji ya marashi, huchuma maua yao kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, basi, mpaka mwaka mwingine. Miwaridi ya China ilipofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 ilileta sifa ya kuchanua tena na tena, na humo yakatoka mawaridi ya kisasa yenye rangi za kila namna. Lakini mengi kati ya hayo, hasa yaliyochaguliwa ili yastahimili safari na kukaa siku nyingi kwenye chombo cha maji, yamepoteza harufu. Kwangu mimi, ua la waridi lisilonukia limepungukiwa na nusu yake.

Austin alitaka vyote viwili, harufu ya kale na kuchanua tena na tena, katika mti mmoja. Alichavusha waridi la kale kwa la kisasa, yaani alipaka chavua ya moja kwenye ua la jingine, na mwaka 1961 akatoa Constance Spry, uzao wa Belle Isis na Dainty Maid. Ua lake lilikuwa kubwa, la waridi mpauko, lenye kunukia manemane, lakini bado lilichanua mara moja kwa mwaka. Ilibidi achanganye tena uzao huo na miwaridi inayorudia kuchanua, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 alipoanza kupata aliyoyataka. Sifa zilienea mwaka 1983, alipoonyesha Graham Thomas, la manjano iliyokolea, kwenye maonyesho ya maua ya Chelsea jijini London. Gertrude Jekyll la mwaka 1986 ndilo ningempa mtu asiyejua harufu ya waridi halisi inafananaje. Mengine hunukia chai, matunda au miski.

Kwa kuwa ni chotara, mbegu zake hazikurudishii mti uleule. Ukipanda mbegu ya Graham Thomas utapata waridi jipya, pengine lisilo na harufu wala umbo la mzazi. Mbegu ni za mtafutaji wa aina mpya. Anayetaka ua analolijua huchukua sehemu ya mti wenyewe.

Vitaluni njia kuu ni kubebesha jicho. Mche wa mwaridi wenye mizizi imara hupasuliwa gome kwa alama ya T karibu na ardhi, jicho lililobanduliwa kwenye tawi la waridi linalotakiwa likapachikwa humo na kufungwa kwa utepe. Sharti mche uwe na maji ya kutosha na gome libanduke kwa urahisi. Gome likigoma, jicho halishiki. Mashamba ya Kenya hutumia sana Natal Briar, aina ya mwaridi, kuwa shina la chini kwa kazi hii. Machipukizi yanayoota chini ya kiungo, yaani pale jicho lilipopachikwa, yang'olewe mapema, maana hayo ni ya shina la chini, na yakiachwa yatalimeza waridi lako.

Nyumbani, kipandikizi cha tawi ni rahisi zaidi. Chagua tawi lililokwisha kuchanua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoota, ondoa majani isipokuwa mawili ya juu, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Usikichomoe kutazama mizizi. Majani mapya yatakuambia. Aina mpya hulindwa na haki za mzalishaji, hivyo kuzizalisha kwa ajili ya kuuza kunahitaji leseni.

Miwaridi hii hupenda nyanda za juu. Karibu na Mlima Kenya yapo mashamba yanayokuza mawaridi ya Austin yenye harufu kwa ajili ya maua ya harusi, na usiku wa baridi huko huwapa maua muda wa kujaza petali. Pwani hukua pia, ila joto hulifungua ua haraka, likawa dogo, na harufu hutoweka kabla ya adhuhuri. Huko upe jua la asubuhi na kivuli cha mchana, samadi iliyooza vizuri, na maji yamwagwe shinani, kwani majani yanayolala na unyevu hushikwa na ugonjwa wa madoa meusi. Ua likinyauka, likate mara moja ili mti uchipue mengine.