Profaili iliyopachikwa sio profaili iliyobandikwa

Wiki hii ni mara ya nne mtu ananiambia "Instagram yetu tumeshaiembedi kwenye websaiti", nafungua, nakuta kialama cha kamera chini kabisa ya ukurasa, ukikibonyeza kinakutupa nje. Hiyo ni linki jamani. Ni mlango wa kutokea, tena mgeni akishatokea akakutana na video za paka harudi tena kuulizia bei ya chumba.

Maana yenyewe haina urefu. Kupachika profaili, ndo hiyo embed, ni kuacha dirisha kwenye ukurasa wako, halafu Instagram au Facebook wenyewe wanakuja kuchora ndani ya lile dirisha kila mgeni anapofungua. Picha, jina na idadi ya wafuasi vinatoka kwao, vinaonekana kwako, mgeni hajaondoka. Ukitaka kufanya, Instagram fungua profaili kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, chagua embed, watakupa kodi, yaani mistari ya maandishi ya kompyuta (sio ile ya kulipa TRA), unakopi unaweka. Facebook wana kitu chao kinaitwa Page Plugin, upana wake unaanzia pikseli 180 mwisho 500, kwahiyo ukiona hakijai ukurasa mzima usimgombeze fundi, ndivyo kilivyo.

Sasa kinachonikera ni neno.

Kwa Kiingereza embed imejengwa juu ya bed, yaani kitanda, na zamani ilitumika sana kwa mifupa ya kale iliyolala ndani ya mwamba. Kitu kimezama, kimekwama, mpaka uje na nyundo. Nadhani ndo maana watu wakilisikia wanaelewa kwamba ukiembedi kitu basi kimeshakuwa chako, kimeingia ndani ya websaiti na hakitoki. Kiswahili chetu kina neno zuri kuliko hilo na tunalitumia kila siku bila kuliangalia. Pachika. Mtu anapachika mshale kwenye upote, ile kamba ya upinde, anapachika kisu kiunoni kwenye mkanda. Kisu kimekaa, hakidondoki, ila hakijawa mkanda, mwenye kisu akikichomoa mkanda unabaki vilevile na kisu kinaenda zake. Hata watangazaji wa mpira wakisema fulani kapachika bao, ule mpira haujashonwa kwenye wavu, dakika moja baadae uko katikati ya uwanja. Kupachika ni kukaa ndani bila kuwa sehemu ya pale, na aifremu, lile dirisha lenyewe kwenye kodi, ambayo Microsoft waliileta na Internet Explorer 3 mwaka 1996 inafanya hivyohivyo, ukurasa ndani ya ukurasa, kila mmoja na mwenyewe.

Kubandika ni habari nyingine. Unabandika stempu, unabandika tangazo ukutani. Ina gundi, na ikishakauka kilichobandikwa kinabaki na sura ya siku ile.

Nimeletewa websaiti ya hoteli moja ndogo huko Zanzibar, upande wa mashariki, nirekebishe. Ukurasa wa mbele kuna kichwa "Tufuate Instagram" na chini yake profaili nzima, picha tisa zimejipanga tatu tatu, nikasema afadhali hawa wamepachika. Naangalia vizuri, juu ya ile profaili kuna saa, kuna alama ya mtandao wa simu, na betri ina asilimia 14. Skrinshoti! Fundi aliyepita alipiga skrinshoti kwenye simu yake chaji ikiwa inakata, akaibandika, akaiwekea linki juu yake, akachukua hela. Wafuasi 1,240. Nikafungua akaunti yenyewe wako zaidi ya elfu tisa, na yale mapaa ya makuti yaliyokuwa kwenye picha walishayatoa. Wageni walikuwa wanaona hoteli ambayo haipo tena, na betri ya mtu.

Tofauti hii sio ya kujionyesha kujua Kiswahili, ina matokeo. Kilichobandikwa hakibadiliki ila pia hakiondoki. Kilichopachikwa kinafuata mwenyewe, ukifuta posti Instagram na kwenye websaiti imefutika, ukibadilisha jina la akaunti lile dirisha linatafuta mtu ambaye hayupo, ukiifunga akaunti iwe praiveti dirisha halionyeshi kitu. Na wenye mtandao wakiamua lao wewe huna la kusema. Oktoba 2020 Facebook walibadilisha masharti ya njia moja ya kuvutia posti kwenye websaiti, ile ambayo WordPress, programu ya kutengenezea websaiti, walikuwa wanaitumia, ukiweka tu anwani ya posti inatokea yenyewe, na WordPress ikabidi waiondoe. Hakuna aliyekosea kitu, ni mwenye kisu kachomoa kisu chake.

Kuna wanaojifanya wajanja pia, wanachukua anwani ya profaili kama ilivyo wanaitia kwenye aifremu wao wenyewe, halafu wananipigia "kaka mbona inasema imekataa kuunganisha". Imekataa kwasababu Instagram wameiambia brauza isikubali ukurasa wao uwekwe ndani ya ukurasa wa mtu mwingine ovyo, inapita ile tu waliyoitengeneza kwa kazi hiyo. Mshale una njia yake ya kukaa kwenye upote, ukiugeuza hauingii.

Na mimi sisemi kila mtu apachike, hapana. Dirisha lina gharama na anayelipa ni mgeni, kwasababu brauza yake inaenda kwa Facebook kuleta picha na skripti hata kama yeye alikuja kutafuta namba ya simu tu, mtu wa bando la siku analisikia hilo. Na ikishaenda kule, Facebook wanajua kuna mtu kafungua ukurasa wako. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua Julai 2019, kwenye kesi ya duka moja la nguo mtandaoni la Ujerumani lililokuwa limeweka kitufe cha like cha Facebook, kwamba mwenye websaiti naye anabeba jukumu la taarifa zinazokusanywa na kupelekwa kule, hawezi kusema hizo ni za Facebook mimi simo. Hoteli inayotangaza vyumba kwa Wajerumani na Wataliano hilo inabidi ilifikirie, na hata huku kwetu Tanzania sheria ya taarifa binafsi ya 2022 ipo. Kwahiyo kuna biashara nyingi tu ambazo linki inawatosha kabisa, mradi waiite linki.

Nilivyompigia yule mama mwenye hoteli nilianza na shikamoo, maana nilijua ninachotaka kumwambia hakitamfurahisha, ile profaili aliyoilipia.

"Mama, ile ya kwenye websaiti haijapachikwa, imebandikwa."

Akanyamaza kidogo. "Imebandikwa kama karatasi?"

"Kama karatasi mama. Na ina betri juu."

"Hiyo betri mimi nimeiona siku nyingi, nikajua ndo Instagram ilivyo." Akacheka, akanigeuzia kazi. "Basi mwanangu ibandue hiyo, unipachikie yenyewe."

Hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa kodi, na maneno yote mawili kayaweka mahali pake.