Makaa ya koki yana kazi nne, hidrojeni inarithi moja

Kila tani ya feleji inayozalishwa kwa tanuru la makaa huacha angani takribani tani mbili za hewa ya ukaa. Wengi hudhani lawama ni ya moto tu: ukibadili cha kuwashia, umemaliza. Sivyo. Madini ya chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni, na kaboni ya makaa ya koki (makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa) ndiyo huipokonya oksijeni hiyo.

Makaa hayo pia hutoa joto. Kwa ugumu wake hubeba shehena ndani ya tanuru na kuacha mianya ya hewa moto kupita. Tena hulainisha kazi ya kuyeyusha: chuma kilichonyonya kaboni ya kutosha huyeyuka karibu na nyuzijoto 1,150, ilhali chuma kitupu husubiri 1,538. Hidrojeni, gesi inayotakiwa kuchukua nafasi ya makaa hayo, hupokonya oksijeni, basi. Kazi tatu zinabaki bila mwenyewe.

Kule Luleå, Uswidi, kiwanda cha majaribio cha HYBRIT kilichozinduliwa 2020 na kampuni za SSAB (feleji), LKAB (madini) na Vattenfall (umeme) kiliikwepa kazi ya kubeba shehena kwa kutoyeyusha chochote ndani ya mnara wake. Vidonge vya madini hushuka mnarani, hidrojeni hupanda ikipishana navyo, oksijeni hutoka kama mvuke wa maji. Kinachobaki ni chuma kilichojaa vitundu, chuma sifongo, ambacho huyeyushwa baadaye kwenye tanuru la umeme.

Joto ndilo gumu zaidi. Hidrojeni inapofanya kazi hii hunyonya joto, kwa hiyo lazima ipashwe hadi karibu nyuzijoto 900 kabla ya kuingia. Ikipoa, vidonge hutoka nusu mbichi. Ikizidi, hunatana na mnara unaziba. Kwa hesabu ya kemia, tani moja ya chuma hula kilo 54 za hidrojeni, na kilo moja huhitaji takribani yuniti 50 za umeme kuitenga kutoka kwenye maji. Hizo ni yuniti 2,700 kabla hujapasha wala kuyeyusha chochote. Umeme huo ukitoka kwenye makaa, umehamisha bomba la moshi tu.

Kaboni nayo hukumbukwa ikishakosekana. Katika tanuru la umeme, viputo vyake huumua mavi ya chuma (uchafu ulioyeyuka unaoelea juu ya chuma) yakawa povu linalofunika cheche ya umeme inayoyeyusha. Bila povu, cheche hula kuta za tanuru. Kwa hiyo kaboni kidogo hurudishwa, hata ya mkaa wa miti.

Mnara hautengi mchanga. Ukiingia na madini, hufika tanuru la umeme, hudai chokaa zaidi na kuondoka na sehemu ya chuma. Ndiyo maana hutafutwa madini yenye chuma cha asilimia 67 hivi. Madini ya Liganga, wilayani Ludewa, Tanzania, yana metali ya titani pia, nayo hubadili wepesi wa mavi ya chuma kutiririka yanapoyeyuka. Hayo yapimwe yenyewe kwanza, ndipo mnara uagizwe.