Je, wajua? Aota iliyobanwa kifuani huweza kufunga njia ya kutibu ubongo

Anurizimu ni sehemu ya mshipa iliyotuna kama kiputo kwa sababu ukuta wake ni dhaifu. Ikiwa ubongoni, siku hizi mara nyingi haitibiwi kwa kupasua kichwa. Daktari hutoboa ateri ya kinena, hupenyeza katheta, yaani mrija mwembamba, akaipandisha kupitia aota, ateri kuu itokayo moyoni, mpaka ubongoni, kisha hukijaza kiputo hicho nyuzi za platini ili damu igande humo.

Sasa wapo waliozaliwa na aota iliyobanwa, kwa kawaida karibu na pale tawi la mkono wa kushoto linapochipuka. Kwao katheta inayotoka kinenani huweza kukwama papo hapo. Na ndio hao hao wenye anurizimu nyingi kuliko wengine: takriban mtu mzima 1 kati ya 10, ilhali kwa watu kwa jumla ni kama 3 kati ya 100. Presha kubwa inayopiga kichwani huchangia, ingawa wengi hushuku pia kuta za mishipa zenyewe zina udhaifu wa kuzaliwa.

Njia ikifungwa, daktari hupitia mkononi, kwa kuwa ateri za mikono kwa kawaida huchipuka kabla ya mbano. La sivyo, hufunguliwa fuvu na shingo ya kiputo ikabanwa kwa klipu, kazi aliyoianza Walter Dandy, mpasuaji wa ubongo wa Marekani, mwaka 1937.

Ugumu wenyewe hasa ni presha. Ukiishusha ili kiputo kisipasuke, figo na uti wa mgongo, ambavyo viko chini ya mbano na tayari vinapata damu kwa shida, huzidi kukosa. Ukianza kuitibu aota, kuifunga kwa muda wakati wa upasuaji hupandisha presha kichwani. Ukiipanua kwa stenti, yaani kibomba cha waya, mgonjwa hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, jambo la hatari damu ikivuja ubongoni. Ndiyo maana anurizimu iliyokwisha kupasuka kwa kawaida hutangulizwa, aota ikasubiri. Ndogo isiyopasuka hupimwa hatari yake kwa kila mgonjwa, na wakati mwingine huangaliwa tu.

Wakati wote huo mtoa usingizi hatosheki na kipimo kimoja cha presha. Hupima mkono wa kulia na mguu pamoja, maana 120 ya mkononi inaweza kuwa 80 mguuni.