Ulimi wa Kasuku Hauna Kosa

Wiki iliyopita nimeletewa tena kasuku kwenye tenga, damu imemgandia kifuani. "Daktari, tulimpunguza ulimi kidogo tu ili aseme." Nimechoka kulisikia neno hili. Kasuku huigeuza mbegu kwa ulimi huku mdomo ukiipasua, kwa hiyo yule alikuwa anaziangalia tu alizeti zake. Siku tatu nimemlisha uji kwa bomba la sindano.

Sikilizeni. Sauti ya ndege inatoka kwenye sirinksi, chini kabisa ya koo, pale njia ya hewa inapogawanyika kwenda mapafuni. Ikishapanda, ulimi wa kasuku huichonga, kama wako unavyotofautisha "i" na "u". Ukiukata umemnyang'anya kifaa kilekile ulichokuwa unakihitaji.

Nadhani watu wanachanganya na udata wa watoto, ule utando wa chini ya ulimi unaokatwa ili mtoto aseme. Lakini mtoto aliyezaliwa kiziwi, hata ukimkata udata mara kumi, hutamfanya aseme. Shida iko masikioni. Ndege waimbao ni hivyohivyo. Chukua zebrafinchi, ndege wadogo wa Australia: dume mchanga humsikiliza baba yake, akauweka wimbo kichwani, kisha huanza kubwabwaja kama mtoto anayesema "ba-ba-ba", akijisikia na kujirekebisha, mpaka wimbo ukae sawa kwenye miezi mitatu hivi. Akilelewa bila kusikia dume yeyote akiimba, wimbo wake utakuwa ovyo hadi ukubwani. Kifaranga wa kuku asipomsikia jogoo hata siku moja, bado atawika vizuri, maana kuwika hakufundishwi. Tofauti imo ubongoni: kasuku na ndege waimbao wana mitandao ya neva ya kujifunza sauti, kuku hana. Wembe haufiki huko.

Pilipili nayo, ambayo wengine humlisha kasuku ili aseme, haifungui ulimi. Ndege hawausikii ukali wake kama sisi, ndiyo maana wanaila bila wasiwasi. Na si kweli kwamba dume ndiye msemaji. Kasuku wa kijivu jike husema vilevile.

Kuhusu "anaiga tu, haelewi": mtafiti Irene Pepperberg wa Marekani alianza kumfundisha kasuku wa kijivu aitwaye Alex mwaka 1977, hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex alitaja vitu, rangi na maumbo, na akionyeshwa vitu viwili aliweza kusema vinafanana rangi au umbo. Sarufi kama yetu hakuwa nayo, hilo nakubali. Ila tazama alivyofundishwa: watu wawili mbele yake wanaulizana na kujibizana, naye akitaja kitu sawasawa anapewa kitu hichohicho. Sasa wewe unamwachia redio kutwa nzima halafu unalalamika.

Ukimpa karanga, sema "karanga", kila mara neno hilohilo, na mtu mwingine wa nyumbani aiombe kwa jina hilo huku kasuku anawatazama. Wengine huchukua miezi mingi. Wengine hawasemi kabisa, na hao pia wana afya njema.