Je, wajua kwa nini lundo la maganda hufuka mvuke asubuhi ya baridi?

Mwezi wa saba huku Uyole, Mbeya, baridi haina mchezo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu bado umeifunika barabara ya kwenda Tukuyu, na watu wanaosubiri daladala wamejifunga vitenge juu ya masweta. Saa hiyo hiyo ukiingia nyuma ya jiko la mama jirani yangu, utakuta kwenye kona ya uzio lundo la kutengenezea mbolea linalofika kiunoni: maganda ya viazi, maganda ya ndizi, maganda makavu ya maharage na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Linafuka mvuke kama sufuria iliyobandikwa jikoni. Moto hakuna. Ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, unautoa upesi.

Joto hilo linatoka wapi? Na kwa nini maganda yale yale ukiyafunga kwenye kiroba hayatoi mvuke, yanatoa uvundo?

Lundo linapumua. Ndani yake kuna bakteria na kuvu wasiohesabika, na wote wanakula. Wanavunja sukari na wanga wa kwenye maganda, wanavuta oksijeni, wanatoa kaboni dayoksaidi, maji na joto, kama mwili wako unavyofanya baada ya kula. Siku za kwanza wanaofanya kazi ni bakteria wapendao uvuguvugu. Joto likipita nyuzi 45 hivi, hao wanapungua na kuwaachia nafasi wengine wanaostahimili joto kali, ambao hulifikisha lundo nyuzi 55 hadi 65. Hewa hiyo ya moto yenye unyevu inapopanda na kukutana na baridi ya Uyole, ambayo usiku wa kipupwe hushuka chini ya nyuzi 10, inageuka matone madogo sana yanayoonekana kama moshi. Ni mvuke ule ule unaotoka mdomoni mwako ukisema "hodi" alfajiri.

Ukubwa wa lundo nao una kazi yake. Ugali wa watu kumi ukiuacha kwenye sufuria, nusu saa baadaye katikati bado unaunguza. Tonge ukilishika mkononi linapoa hata kabla hujalichovya kwenye mchuzi. Lundo dogo ni kama hilo tonge: joto linakimbilia nje haraka kuliko wadudu wale wanavyolitengeneza. Ndiyo maana kwa nyanda zetu za baridi lundo la kama mita moja kila upande, urefu, upana na kimo, ndilo linalochemka vizuri. Mwenye uwanja mdogo asikate tamaa. Ndoo kuukuu iliyotobolewa matundu pembeni nayo huozesha, ila polepole na bila kufuka.

Sasa turudi kwenye kiroba. Mwaka wangu wa kwanza wa kuhifadhi maganda niliyajaza yote kwenye kiroba cha unga, nikakifunga mdomo, nikakiweka nyuma ya choo nikisubiri mbolea. Wiki ya pili inzi walikuwa wengi, na maji meusi yalikuwa yanachuruzika chini. Ndani ya kiroba kilichobanwa oksijeni huisha haraka. Wale wanaopumua hewa hufa au hulala, na kazi inachukuliwa na bakteria wasiohitaji oksijeni. Hao hawamalizi chakula. Wanakiacha njiani kikiwa asidi zenye harufu kali, na wanatoa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza. Wengine wao hutengeneza methani, ambayo haina harufu lakini kwa uzito ule ule huzuia joto la dunia lisitoke mara 28 hivi zaidi ya kaboni dayoksaidi, ukihesabu kwa miaka 100. Kinachotokea kwenye kiroba changu ndicho kinachotokea dampo, ambako maganda ya mji mzima yanalaliana bila hewa.

Nilipompelekea mama jirani malalamiko yangu, alikuja, akakifungua kile kiroba, akageuza uso pembeni.

"Mwanangu," akasema, "hawa umewapa mboga tupu bila ugali. Watashibaje?"

Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo. Maganda mabichi, mabaki ya mchicha na machicha ya chai yana naitrojeni nyingi: hiyo ndiyo mboga, inajenga miili ya bakteria. Mabua, majani makavu, maganda makavu ya maharage na maboksi yaliyochanwachanwa yana kaboni nyingi: huo ndio ugali, unatia nguvu. Wataalamu husema sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Kwa kipimo cha nyumbani, kila ndoo moja ya vitu vibichi ifunike kwa ndoo mbili au tatu za vikavu. Vikavu hivyo pia huacha nafasi za hewa kati ya maganda, na kufunika huko ndiko kunakowanyima inzi mahali pa kutagia.

Tunaokaa huku vikavu havitusumbui. Baada ya mavuno mabua yanachomwa moto shambani, jambo linaloniumiza kila ninapoliona. Maranda ya mbao kutoka mashine za Mufindi na Njombe yanafaa, ila tia kidogo kidogo, kwa sababu ni ugali mgumu sana. Majani ya mkaratusi huchelewa kuoza, na kokwa la parachichi litakutazama miezi mingi usipolipasua. Majivu nyunyiza kiasi tu. Yakizidi yanaifukuza naitrojeni hewani. Nyama, mifupa na mafuta ya kukaangia usiweke, maana utawaita panya.

Maji nayo yana kipimo chake: chukua konzi moja, kamua. Likitoka tone moja au mawili, umepatia. Likichuruzika, changanya vikavu. Kuanzia Novemba mvua zikianza lifunike kwa turubai, kwa sababu maji yakijaa yanaitoa hewa na unarudi kwenye hadithi ya kiroba. Kila wiki au wiki mbili pindua kwa uma, ya nje yaingie ndani. Utaona joto linapanda tena.

Lakini lundo huwa la mwisho kwenye foleni. Chakula kinacholika kiliwe kwanza. Wali wa jana ni kiporo cha asubuhi, makoko ya ugali ni ya kuku. Taarifa ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitupwa majumbani, siyo sokoni wala mahotelini.

Kuna faida moja ambayo sikuitarajia. Maganda yakishatengwa, taka zinazobaki zinakuwa kavu. Zamani chupa za maji, makopo na maboksi yangu yalikuwa yamelowa ute wa maganda na hakuna aliyeyataka. Sasa kijana anayepita akinunua makopo na chupa anachukua karibu vyote. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo kinachobaki kwangu ni vifungashio vidogo vidogo. Kiroba kilichokuwa kinajaa kwa siku nne, sasa kinakaa wiki mbili kikisubiri gari la taka.

Baada ya miezi mitatu au minne, au zaidi kidogo wakati wa kipupwe, lundo linakuwa limepungua hadi kama nusu, kwa kuwa kaboni nyingi imeondoka kama hewa na maji kama ule mvuke. Linapoa, linakuwa jeusi, na linanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Harufu hiyo ni ile ile kweli: inaitwa jiosmini, na inatengenezwa na baadhi ya bakteria wa udongoni.

Mama jirani hulisambaza kwenye matuta yake ya chainizi na figiri. Wiki mbili baadaye, kwenye baadhi ya matuta, huchipua miche ya nyanya ambayo hakuna aliyeipanda. Hiyo ndiyo inayomwambia kwamba pembeni mwa lundo joto halikufika nyuzi 55 za kuua mbegu, na kwamba safari ijayo apindue mara nyingi zaidi. Miche yenyewe anaing'oa taratibu na kuipandikiza karibu na uzio.