Intaneti ya nyumbani na simu za nje kwa wageni walioko Uganda: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayefika Kampala kutoka Goma, Mwanza au Kisumu hupata ushauri wa kwanza kwa muuza laini aliyekaa chini ya mwavuli, na wa pili kwa jirani. Wote wawili watamtajia iliyo nafuu kabla ya kumuuliza anampigia nani. Hapo ndipo fedha huanza kupotea, kwa sababu gharama ya simu ya nje huamuliwa zaidi na anayepokea: yuko nchi gani, anatumia mtandao gani, na kama simu yake ina data.

"Nchi jirani, bei ya jirani"

Umbali hauna neno kubwa hapa. Ukipiga simu ya kawaida kwenda nje, mtandao wako unaulipa mtandao wa upande wa pili kwa kila dakika ili upokelewe. Ada hiyo ndiyo inayobeba bei. Kwa Marekani, Kanada, India na China ni ndogo. Kwa nchi nyingi za Afrika ni kubwa. Ndiyo maana dakika moja kutoka Kampala kwenda Toronto mara nyingi huwa nafuu kuliko dakika ya kwenda Bunia, mji wa Kongo unaoweza kuufikia kwa basi.

Kuna makubaliano yaliyopunguza makali: Eneo la Mtandao Mmoja, lililoanza kati ya Kenya, Rwanda na Uganda mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, Sudan Kusini nayo ikiwa katika mpango huo. Liliweka ukomo wa takriban senti 10 za dola kwa dakika, likaondoa tozo ya kupokea simu ukiwa na laini yako katika nchi nyingine ya kundi hilo. Tanzania na Burundi hazikuwa kwenye kundi hilo la mwanzo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini bendera kupandishwa Arusha si sawa na bei ya simu kushuka. Wanafunzi wawili wanaolala hosteli moja pale Kansanga, mmoja wa Eldoret, Kenya, na mwingine wa Bukoba, Tanzania, wanaweza kuwa na hesabu tofauti kabisa, na kifurushi kinachomfaa mmoja kikamla mwenzake.

Kwa hiyo kabla ya kununua dakika za nje, andika namba tano unazozipigia zaidi na nchi zake. Kisha soma orodha ya nchi zilizomo kwenye kifurushi, si jina lake tu. "Kimataifa" kwenye tangazo huweza kumaanisha nchi sita. Angalia pia kama simu za mezani na za mkononi zimo zote, kifurushi kinakufa baada ya saa 24 au siku 30, na kama unatozwa kwa sekunde au kwa dakika nzima. Anayetozwa kwa dakika nzima akazungumza dakika 1 na sekunde 5 amelipa dakika 2.

"Bora wao wa Ulaya wanipigie mimi"

Wao nao wanaumia. Sheria ya ushuru ya Uganda inatoza senti 9 za dola kwa kila dakika ya simu inayoingia kutoka nje; simu za Kenya, Rwanda na Sudan Kusini ziliachwa nje ya tozo hiyo. Kampuni ya huko inaiongeza kwenye bei yake. Ndugu wa London au Brussels akipiga kwa simu ya kawaida, gharama inaanza kupanda kabla hajasema "habari za huko".

Na ukipigiwa na mtu wa ng'ambo, kisha kwenye kioo ikatokea namba ya Uganda inayoanza na 07, mara nyingi simu hiyo imepitia mtambo wa laini nyingi za magendo uliowekwa ndani ya nchi ili kukwepa ada. Wanaouza dakika za bei ya kutupa hutumia njia hiyo. Dalili zake ni mwangwi, sauti inayochelewa na kukatika kila dakika kadhaa, na hutajua ni nani anayepiga.

"WhatsApp ni bure"

Si bure, ila ni rahisi kiasi kwamba watu huisahau. Simu ya sauti hula nusu MB hadi MB 1 kwa dakika. Nusu saa ni MB 15 hadi 30. Ya video hufika MB 5 kwa dakika, yaani karibu MB 150 kwa nusu saa ile ile. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kuna swichi ya kupunguza data wakati wa simu. Iwashe. Sauti hupungua uzuri kidogo tu.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba mama aliyeko kijijini naye analipa data yake. Kama anaweka bando la siku moja kwa wiki, umemnunulia simu janja lakini humpati siku sita. Kwa mtu wa namna hiyo kifurushi cha dakika za kawaida kina maana, hata kama ni ghali kwa dakika, kwa sababu anapokea kwa simu ya kitochi bila kulipa chochote. Njia ya katikati ni programu zinazotoka kwa data upande wako na kuingia kama simu ya kawaida upande wake. Viber Out ni mojawapo. Skype, waliyoizoea wengi kwa kazi hiyo, ilifungwa Mei 2025.

Dubai na Falme za Kiarabu zote ni habari nyingine. Huko simu za WhatsApp zimezuiwa, maandishi na ujumbe wa sauti hupita. Wengi waliopo kule hutumia BOTIM, iliyo na kibali. Usihangaike kubadilisha kampuni ya Kampala kwa tatizo lililoko Abu Dhabi.

"Bila kikomo ni bila kikomo"

Soma mstari mdogo. Huduma nyingi za 4G na 5G za nyumbani zinazoitwa za bila kikomo zina kiasi ambacho ukikivuka kasi inashushwa. Tuchukue mfano: unalipa shilingi 100,000 kwa mwezi, unapewa kasi kamili mpaka GB 100, kisha Mbps 1. Nyumba inayotazama video ya ubora wa juu hula hadi GB 3 kwa saa. Saa 2 kila jioni ni GB 6, na GB 100 zimekwisha siku ya 17. Siku 13 zilizobaki, Mbps 1 inatosha simu ya sauti na WhatsApp ya maandishi, basi. Muulize muuzaji maswali mawili tu: kasi inashuka baada ya GB ngapi, na inashuka hadi ngapi? Akijibu "haishuki", aandike kwenye risiti.

Na hizo Mbps wengi huzisoma vibaya. Ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti; gawanya kwa 8. Laini ya Mbps 10 inashusha MB 1.25 kwa sekunde, hivyo faili la GB 1 linachukua dakika 13 hivi mambo yakiwa mazuri. Filamu ya ubora wa juu inataka Mbps 5, simu ya video Mbps 1 hadi 1.5 kila upande. Kwa televisheni moja na watu wawili wanaopiga simu, Mbps 10 zinatosha. Anayekuuzia Mbps 50 kwa chumba kimoja anakuuzia fahari. Uliza pia kasi ya kupandisha: simu za video zinaitegemea, na matangazo huitaja kasi ya kushusha peke yake.

Bei nayo iulizwe ikiwa na kodi. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inalipiwa ushuru wa asilimia 12, na juu yake VAT ya asilimia 18. Katika kila shilingi 10,000 unazotoa, karibu 2,400 ni za serikali. Ukiona bei ya faiba, yaani intaneti ya waya unaopitisha mwanga, inayopendeza kuliko ya wenzake, huenda kodi haijahesabiwa.

"Faiba ikiingia, shida zimekwisha"

Faiba ni nzuri kuliko zote pale ilipo, na haipo kila mahali. Inafuata nguzo na barabara zenye wateja. Mtaa mmoja wa Makindye unayo, wa chini yake hauijui. Kabla ya kulipa, mwombe fundi aje aone sanduku la karibu liko mita ngapi kutoka mlangoni. Mwenye nyumba naye aridhie kutobolewa ukuta, na hilo kwenye mizigo, vile vyumba vya kupanga vya safu moja, huleta mjadala. Ukihama baada ya miezi minne, ada ya kuunganishwa imebaki ukutani. Mpangaji asiye na uhakika wa mwaka mzima afadhali ruta ya laini ya simu, anahama nayo kwenye mfuko.

Kisha kuna umeme. Waya wa faiba hauhitaji umeme, lakini kisanduku cha ukutani na ruta vinauhitaji. Tangu Aprili 2025 usambazaji umetoka kampuni iitwayo Umeme kwenda UEDCL, shirika la serikali, na hesabu ya mpangaji ni ile ile: nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba. Yenye mAh 10,000 ina takriban Wh 37. Vifaa viwili vikila wati 10 hadi 12, utapata saa 3, pengine pungufu. Soma lebo ya chaja kwanza, maana ruta nyingi ni volti 12 na nyingine ni 9 au 5. Ukikosea volti, ruta inaungua au haiwaki.

Taa nyekundu iliyoandikwa LOS ina maana mwanga haufiki. Mara nyingi waya umebanwa na mguu wa kitanda au umekunjwa kwa nguvu. Uache ujikunje kwa upana usiopungua mdomo wa kikombe cha chai. Ncha ya kijani usiipanguse kwa shati. Vumbi la kitambaa ndilo linaloiharibu.

"Intaneti ni mbovu, kampuni imetuibia"

Wakati mwingine ni kweli. Lakini pima kwanza. Simama mita 2 kutoka kwenye ruta, fanya jaribio la kasi, kisha rudia ukiwa chumbani kwako. Kama namba ya kwanza ni nzuri na ya pili ni mbaya, tatizo ni waifai yako. Ruta iliyowekwa sakafuni nyuma ya friji haina namna. Ipandishe juu ya kabati, katikati ya nyumba. Masafa ya 2.4 GHz hupenya matofali lakini ni ya polepole na yamejaa waifai za majirani. Ya 5 GHz ni ya kasi na hufia ukutani.

Kwa ruta ya laini ya simu, pima mahali kabla ya kununua. Kwenye simu nyingi za Android, ingia mipangilio, kuhusu simu, hali ya SIM, uone nguvu ya mawimbi kwa dBm. Karibu na −85 ni nzuri, −100 inavumilika, chini ya −110 usiinunue. Fanya hivyo saa 3 usiku, watu wote wakiwa mtandaoni, si saa 4 asubuhi muuzaji anapotaka kukuonyesha.

Na iko siku kosa si la kwako wala la kampuni. Uganda haina bahari. Intaneti yake inapita nyaya za chini ya bahari zinazotua Mombasa na Dar es Salaam. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, nchi nzima ilisota pamoja na majirani. Facebook nayo isipofunguka usimlaumu fundi: ilizuiwa Uganda Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na tangu hapo watu wamelazimika kutumia VPN, programu inayopitisha intaneti yako kupitia nchi nyingine. Hiyo VPN huongeza ulaji wa data kidogo, na za bure hujilipa kwa habari zako.

Mengine yasiyohitaji maneno mengi

"Nitaleta Starlink kutoka Nairobi." Intaneti hiyo ya setilaiti ilianza Rwanda na Kenya mwaka 2023, lakini hadi mwanzoni mwa 2026 Uganda haikuwa imeipa leseni. Usinunue dishi kwa matumaini.

"Data huisha muda tu." Si zote. MTN ina Freedom, Airtel ina Chillax, haziishi muda. Ni ghali zaidi kwa kila GB, ila zinamfaa anayetumia kidogo kidogo.

"Laini ya nchi yangu niitupe." Ibakize kwenye nafasi ya pili ya simu kwa ajili ya ujumbe wa benki na wa pesa za simu, data yake ya ugenini ikiwa imezimwa. Ukiishi Busia, Malaba au Mutukula, chagua mtandao kwa mkono kwenye mipangilio. Simu ikiachiwa ichague yenyewe itavuka mpaka bila wewe, na salio litaisha ukiwa kitandani.

"Rafiki wa Uganda anisajilie laini kwa jina lake." Laini ikipotea, ni yeye tu atakayeweza kuirudisha, pamoja na pesa zilizomo. Mgeni husajili kwa pasipoti, mkimbizi kwa kitambulisho chake cha mkimbizi.

Na kabla ya kuwasha laini mpya, pitia majina yote kwenye simu. Namba nyingi za mkononi za Kenya, Tanzania na Uganda huanza na 07 na zina tarakimu 10. Iliyohifadhiwa bila +254 au +255 itaita hapa hapa Uganda, kwa mtu asiyekujua, na utakatwa salio akipokea.